Dagaa wa Mwanza kwenda Kigali na Goma: kifungashio kimoja au viwili?

Mfungashaji_Igoma

Habari zenu wanajukwaa. Ninafungasha dagaa waliokaushwa kwenye chanja hapa Igoma, katika pakiti za robo kilo na nusu kilo zenye lebo ya Kiswahili, na ninauza katika maduka ya Mwanza na Dar es Salaam. Hivi karibuni nilikutana katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na wanunuzi wawili, mmoja wa Kigali na mwingine wa Goma, na wote wameonyesha nia ya kuchukua mzigo. Mdogo wangu anayesoma biashara anasema chapa inayobadilika kila inapovuka mpaka haijengeki, kwa hiyo niwapelekee pakiti hizihizi. Mume wangu anaona kila soko lina mlaji wake. Mtaji wangu hauruhusu kuchapisha lebo za aina mbili halafu nikasubiri kuona ipi itakubalika. Naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Mhadhiri_Nyegezi

Dada, mdogo wako ana watu wazito nyuma yake. Mwaka 1983 Theodore Levitt, profesa wa Harvard, alidai kwamba teknolojia inayafanya mahitaji ya watu duniani yafanane, na kwamba kampuni itakayouza kitu kilekile kila mahali kwa bei nafuu ndiyo itakayoshinda. Hoja hiyo ina nguvu pale ambapo mnunuzi hana mazoea ya awali na bidhaa. Mazoea yakiwapo, mambo huwa mengine. Starbucks, kampuni ya Marekani ya mikahawa ya kahawa, iliingia Australia mwaka 2000 ikakuta watu ambao wahamiaji kutoka Italia na Ugiriki walikuwa wamekwisha kuwazoesha kahawa nzuri ya mikahawa midogo ya mtaani, na mwaka 2008 ikalazimika kufunga maduka 61 kati ya 84.

Kwa upande wa samaki wadogo, Kigali ndiyo Australia yako. Mnyarwanda anao sambaza wa Ziwa Kivu, ambao kwa asili ni dagaa wa Tanganyika waliopandikizwa huko mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengi hupenda kuwala wakiwa wamekaangwa wakakauka, tena kando ya kinywaji. Atakapowaona dagaa wako rafuni hatawalinganisha na wa mfungashaji mwenzako wa Mwanza. Atawalinganisha na sambaza. Wala hatuhitaji kuvuka mpaka ili kuliona jambo hili, kwa kuwa hata hapa nchini mlaji hukubali kulipa zaidi kwa dagaa wa Kigoma, huku wetu wakibaki na sifa ya unafuu na lawama ya mchanga. Kwa hiyo ningeanza kwa kuuliza nani atakula, wakati gani na pamoja na nini. Lebo ifuate baadaye.

Jambo moja la kisheria: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikapanua katazo hilo hadi kwenye vitu vya plastiki vya kutumika mara moja. Mwombe mnunuzi wako akuthibitishie kwa maandishi aina ya kifungashio kinachokubalika kabla hujaagiza hata kimoja.

Minofu_Mstaafu

Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika kiwanda cha minofu hapa Mwanza, nami nitajibu kwa sangara. Samaki huyo mmoja akishushwa mwaloni, tayari ni bidhaa nne. Minofu inakwenda Ulaya, kwa mlaji asiyetaka mfupa wala harufu na anayedai uthibitisho wa usalama. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa letu kwa sababu ya taarifa za uvuvi wa sumu, viwanda vilitambua kwamba mlaji wa kule hununua uhakika kwanza, ladha baadaye. Mabondo, yaani vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, yanakwenda Hong Kong na China, ambako hupikwa supu na hata kutolewa zawadi, na kadiri bondo linavyokuwa kubwa na nene ndivyo bei ya kilo inavyopanda. Kayabo, yaani sangara wa chumvi, wanakwenda Congo. Mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishatolewa, tunabaki nayo sisi wenyewe, na sioni aibu kusema kwamba mchuzi wake naupenda kuliko minofu.

Hata hivyo, usilichukue hilo kama ruhusa ya kubadilisha kila kitu. Usafi, barafu na kumbukumbu za mzigo vilikuwa vilevile bila kujali samaki anaelekea wapi. Kwa dagaa wako ningeshikilia ukavu na kutokuwa na mchanga pasipo mjadala, kisha umbo na ukubwa wa pakiti vifuate mlaji.

Mchuuzi_Mwaloni

Wazee wangu mmeeleza vizuri, lakini mnazungumza kana kwamba mlaji wa Goma ataiona hiyo pakiti. Hataiona. Mnunuzi wa Goma ni mtu wa jumla: anachukua magunia, anawauzia akina mama wanaopima kwa kikombe sokoni, na bei anaifikiria kwa dola. Anapokuja hapa huingiza mkono katikati ya gunia, si juu tu, akatazama ukavu na rangi, kisha akasimamia mizani. Pakiti ya nusu kilo kwake ni gharama isiyo na mlipaji, na huenda akaichana ili apime upya. Mteja unayepaswa kumsoma tabia kule ni huyo wa jumla.

Kwa hiyo, dada, suala la lebo mbili halipo. Goma peleka magunia yaliyoshonewa kitambulisho chenye jina lako na tarehe ya kukaushwa, ili akirudi amtafute mtu yuleyule. Kigali, kwenye maduka makubwa, ndiko pakiti ina kazi.

Mfungashaji_Igoma

Nashukuru sana. Kwa Kigali basi, niendelee na robo kilo kavu, au nijaribu dagaa wa kukaanga?

Mhadhiri_Nyegezi

Fanya vyote kwa kiasi kidogo. Wapo watakaokushauri pakiti ndogo kabisa kwa mfano wa Unilever, ambayo nchini India huuza shampuu katika vipakiti vya matumizi ya mara moja, lakini mkakati huo unamlenga anayepata fedha kwa siku na kununua kwa siku, naye si yule wa maduka makubwa ya Kigali. Acha robo kilo kama ilivyo, ukibandika stika ya Kinyarwanda juu ya lebo ya sasa, na uongeze dagaa wa kukaanga katika gramu 100. Hao wa kukaanga ni bidhaa nyingine machoni pa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), hivyo usiwawekee nembo ya ubora uliyopewa kwa wakavu. Usipime kwa mauzo ya wiki ya kwanza, kwa sababu watu hununua kitu kipya kwa udadisi. Tazama agizo la pili limeomba kipi.

Mchuuzi_Mwaloni

Na mzigo wa kwanza ulipwe kabla gari halijavuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda. Mambo ya mkopo myazungumze kwenye agizo hilo la pili.