MJADALA: Swichi ya logi kwenye seva za SACCO ishikwe na nani?

Fundi wa Bukoto (mwanzisha mada)

Wadau, habari za leo. Sisi ni mafundi wachache tunaotunza plagini (kiongezi cha programu) ya kuingilia mfumoni, inayotumika kwenye seva za SACCO kadhaa na shule chache hapa Uganda. Mpaka sasa plagini inaandika kila kitu kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu za matukio ya mfumo: nani kaingia, lini, kwa anwani gani ya IP, kwa namba gani ya simu. Hakuna pa kubadilisha. Limekuja pendekezo kwamba tuongeze sehemu kwenye faili la mipangilio, mwenye seva ajichagulie ngazi ya logi (yaandikwe kwa undani kiasi gani), mambo yanayoandikwa, mahali faili linapokaa na siku litakazotunzwa.

Mimi naunga mkono, ila si kwa kila kitu. Kuna mambo asiweze kuyazima: msimamizi kuingia, msimamizi kushindwa kuingia, na mtu yeyote kugusa mipangilio ya logi yenyewe. Na kuna mambo asiweze kuyawasha hata akitaka: nywila, PIN na namba za siri za mara moja. Hizo zisiandikwe popote, hata kwenye ngazi ya dibagi, ile ya kina kabisa ya kutafutia hitilafu.

Nimelileta hapa badala ya kulimaliza na mafundi wenzangu kwa sababu wanaoandikwa humo ni wanachama, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Msimamizi wa seva, Mbarara

Ndugu yangu, una seva kubwa wewe. Mimi nina mashine ndogo ya kukodi, inalipiwa kwa dola, na diski yake haizidi gigabaiti 40. Mtu akisahau dibagi ikiwa imewashwa, faili linavimba usiku kucha. Diski ikijaa, hifadhidata inagoma kuandika, na asubuhi watu wamejaa dirishani na vitabu vyao vya akiba. Wakati huo hakuna anayekuuliza habari za faragha.

Ninachotaka ni kidogo. Ngazi ibadilike bila kuzima seva, faili lizungushwe (lifungwe, lianze jipya) likifika ukubwa fulani, ya zamani yabanwe kisha yafutwe. Hiyo orodha yako ya "asiweze" siipendi. Seva ni ya mwenyewe, na anayeilipia ndiye ajuaye anachohitaji.

Mwanachama, Masaka

Mimi si mtu wa kompyuta, nimesoma taratibu nikaelewa. Nikuulize wewe wa Mbarara: seva ni ya nani? Ya meneja, au yetu tulioweka akiba? Maana hesabu zikipungua, jibu tunalopewa ni lilelile: mfumo ulisumbua siku ile. Sasa mnataka kumpa meneja kitufe, ili hiyo siku ile isiwe hata na maandishi! Banange. Kwangu mimi swichi isiwepo kabisa. Yaandikwe yote.

Wakili, Kampala

Dada wa Masaka, nakuelewa, lakini "yaandikwe yote" ina hatari kwako wewe mwenyewe. Laini ya simu ya raia imesajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo faili lenye namba za simu na saa za kuingia ni orodha ya watu halisi na nyendo zao, na likivuja limevuja na majina.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, pamoja na kanuni zake za 2021, inataka data isikae kuliko inavyohitajika kwa kazi iliyokusanyiwa. Kampuni ikikosa, faini inaweza kufika asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Plagini isiyo na mahali pa kuweka ukomo wa siku inamtia mwenye seva kwenye kosa kabla hajafanya lolote.

Lakini Mbarara naye asifurahi mapema. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inaruhusu rekodi za kompyuta kuwa ushahidi, na uzito wake unapimwa kwa namna zilivyotengenezwa na kutunzwa. Logi ambayo mtu yuleyule anayetuhumiwa aliweza kuizima na kuiwasha, mimi ningeipangua mahakamani kabla ya chakula cha mchana.

Programa, Gulu

Mnabishana kuhusu kiasi, na hamjagusa namna ya kuandika. Desemba 2021, tundu la usalama la Log4Shell kwenye Log4j, maktaba ya msimbo ya kuandikia logi, lilitokana na logi yenyewe: mtu anatuma maneno fulani, kwenye seva za Minecraft hata kwa kuyaandika kwenye gumzo tu, seva inayaweka kwenye logi, maktaba inayachukua kama agizo na kwenda kuvuta msimbo kutoka nje. Kwa hiyo kinachotoka kwa mtumiaji kisafishwe kwanza.

Na hilo la nywila Fundi yuko sahihi. Mei 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake zaidi ya milioni 330 wabadilishe nywila, kwa sababu zilikuwa zikiandikwa wazi kwenye logi ya ndani. Kama wao iliwapita, sisi je?

Jambo dogo pia: andikeni majira ya saa. Seva nyingi za nje zinatumia UTC, yaani saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Logi inasema 04:00, meneja anasema alifungua ofisi saa moja asubuhi, watu wanadhani kuna mwizi wa alfajiri.

Fundi wa Bukoto

Mbarara, kuzungusha faili na kubadilisha ngazi bila kuzima seva vitaingia, hilo halina ubishi. Matukio ya msimamizi ni mistari michache kwa siku, hayatajaza diski yako.

Masaka, umenisogeza. Kuandika tu kwamba swichi imeguswa hakutoshi kama faili linabaki mikononi mwa aliyeigusa. Napendekeza matukio hayo ya lazima yatumwe papo hapo kwenye mashine ya pili, ambayo nywila yake iko kwa kamati ya usimamizi, si kwa meneja.

Msimamizi wa seva, Mbarara

Mashine ya pili inalipiwa na nani?

Wakili, Kampala

SACCO. Ni nafuu kuliko mimi.

Mwanachama, Masaka

Pesa tutachanga. Lakini kwetu mwenyekiti wa hiyo kamati ya usimamizi ni shemeji yake meneja. Hapo plagini inasemaje?