Fundi kaweka mafuta ya breki kwenye haidroliki ya spoila ya Porsche yangu, sasa anataka laki nane na nusu zaidi

Wakuu, habari za jioni.

Hasira hii ninayo tangu Jumatano. Nimeona niiandike hapa kabla sijarudi pale gereji nikafanya jambo la kunipeleka polisi.

Gari ni Porsche 911 Turbo, umbo la 996, ya mwaka 2002. Najua kuna watakaosoma mstari huo tu waanze kusema mwenye Porsche hana haki ya kulia. Sawa. Lakini fundi wa aina hii ndiye anayefungua IST yako na Noah inayobeba watoto wako shule, kwa mikono ile ile na kiburi kile kile. Vumilia usome.

Tatizo lilianza dogo. Gari hii ina spoila ya nyuma, yaani bawa la kuikandamiza gari chini ikiwa na kasi, na ni ya ngazi mbili. Bawa la chini limetulia, la juu linanyanyuka lenyewe ukifika kilomita 120 kwa saa na linarudi ukishuka hadi 60. Kinacholinyanyua si mota ya umeme kama kwenye Carrera, zile 911 za kawaida, za umri huo. Ni haidroliki: pampu ndogo huko nyuma kwenye boneti ya injini, na silinda mbili nyembamba, moja kulia moja kushoto, zinazosukumwa na mafuta. Sasa kwa foleni zetu, kutoka Mbezi Beach mpaka Posta, hiyo 120 utaipatia wapi? Spoila inalala miezi. Sili za ndani, zile raba za kuzuia mafuta yasivuje, zinakauka, joto la injini liko hapo hapo chini yake, na gari yenyewe ina zaidi ya miaka ishirini. Ndiyo maana mimi kila Jumapili asubuhi nilikuwa naipandisha na kuishusha kwa swichi, mafuta yatembee. Jumapili moja nikabonyeza, kulia kukapanda, kushoto kukakwama katikati, taa ya onyo ikawaka. Nikapitisha kidole kwenye silinda ya kushoto, kikatoka kimelowa.

Hapo hakuna fumbo. Sili imechoka, mafuta yanavuja, presha haifiki. Ni ugonjwa unaojulikana wa hizi Turbo. Ama ununue silinda mpya, na bei yake inauma, ama umpate mtu wa haidroliki azifungue, abadilishe sili, ajaze mafuta yanayotakiwa, apandishe na kushusha mara kadhaa mpaka hewa iishe.

Jamaa mmoja akanielekeza gereji upande wa Mwenge. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Geti zuri, vijana wana ovaroli, kompyuta ya kupimia ipo. Fundi mkuu akaizunguka gari mara moja tu.

"Bosi, hii ndogo sana. Spoila ya Carrera nishatengeneza hapa hapa. Niachie siku mbili."

Nikamwambia, "Fundi, ya Carrera inaendeshwa na umeme. Hii ina mafuta. Usije ukahangaika kutafuta waya na gia humu."

"Bosi, kazi hii nimeanza wewe hujanunua gari."

Nikatoa laki sita ya kuanzia. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa nitaipata nikimaliza malipo yote. Nikakubali. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku mbili zikawa wiki tatu. Leo spea ziko njiani, kesho umeme umekatika, keshokutwa kijana kaenda msibani Kibaha. Jumatano nikaacha kazi saa tano asubuhi nikaenda bila kupiga simu.

Nilichokikuta sitakisahau. Boneti ya nyuma iko wazi, imeegemezwa kwa mpini wa ufagio. Juu ya injini kuna gazeti limelowa. Pembeni, kwenye kigoda, kuna bomba la sindano na chupa ya mafuta ya breki, DOT 4, imebaki robo. Nikauliza mara mbili, maana nilidhani sikusikia vizuri. Kijana akanijibu kwa upole kabisa, "Tumeijazia, kaka. Ilikuwa imeishiwa."

Ndugu zangu, mafuta ya breki na mafuta ya haidroliki ya mfumo kama huu ni maadui. Haya ya haidroliki asili yake ni ya madini, na raba za sili zake zimetengenezwa kuishi ndani ya mafuta ya namna hiyo. Mafuta ya breki asili yake ni glikoli, na raba za breki ni za aina nyingine kabisa. Ukichanganya, raba inavimba na kulainika. Ukikosea kwa upande wa pili, ukatia mafuta ya madini kwenye breki, ni yale yale, raba za breki zinavimba na siku moja unakanyaga pedeli gari haisimami. Hii si elimu ya Ujerumani. Chupa yenyewe imeandikwa ni ya nini. Kama hujui mfumo unatumia mafuta gani, unauliza. Simu yangu alikuwa nayo, na alikuwa anaipiga kila akitaka hela.

Tena mafuta ya breki yanakula rangi. Yamechuruzika kutoka kwenye kiungo cha bomba, yakashuka kwenye boneti, yakaachwa hapo sijui siku ngapi. Rangi imenyanyuka kwa urefu wa kiganja, imekunjamana kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Nimeigusa kwa ukucha ikavuka. Hakuna hata mmoja pale aliyejua kwamba ukiyamwaga unayaosha kwa maji mengi saa hiyo hiyo.

Fundi mkuu akatoka ofisini anajifuta mdomo, chai ya saa nne hiyo, imefika saa sita. Hakuomba radhi. Akaniambia silinda zote mbili "zimekufa" na kwamba ana njia rahisi: niongeze laki nane na nusu, alishushe bawa, alipige bolti lisinyanyuke tena, azime na ile taa. "Kwani hii kitu si urembo tu, bosi?"

Naomba nilijibu hili hapa vizuri, maana pale nilikuwa natetemeka.

Siyo urembo. Injini ya 911 imekaa nyuma ya ekseli, na mgongo wa gari umeteremka kwa mviringo. Hewa ikipita juu yake kwa kasi, mkia unataka kunyanyuka, matairi ya nyuma yanapungukiwa uzito. Ndiyo sababu Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973 ikatoka na ule mkia wa bata. Hii yangu ina nguvu za farasi 420. Anayedhani ni mambo ya vitabuni aikumbuke Audi TT ya kwanza: ilitoka na mgongo wa mviringo bila spoila, ikatokea ajali mbaya za kasi kubwa huko Ujerumani, na kampuni ikaziita gari ilizokwisha kuuza, ikazifungia spoila nyuma na kubadilisha sehemu za suspensheni. Watu walikufa ndipo kile kibawa kidogo kikaonekana kina kazi.

Niseme na ukweli wa upande wa pili. Kuna wenye Turbo hizi waliochoshwa na uvujaji, wakatoa silinda na kuweka nguzo za chuma zinazoshikilia bawa juu muda wote. Hiyo naielewa, bawa liko pale linapotakiwa kuwa ukiwa na kasi. Huyu alitaka kulifunga chini, azime na taa ya onyo, anikabidhi funguo. Na kesho ningemuuzia mtu mwingine, naye aingie barabara ya Morogoro usiku akiamini kila kitu kizima. Hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko hata rangi.

Nikaita gari ya kubeba, nikaondoka na gari yangu na silinda zikiwa kwenye mfuko wa rambo. Laki sita imebaki kwao.

Alhamisi nikaenda Chang'ombe kwa mzee mmoja anayetengeneza haidroliki za tipa na fokolifti. Ofisi yake ni meza, jiliwa na kabati la oringi, zile sili za raba za mviringo, zimepangwa kwa ukubwa. Nikamweleza, akaninyamazisha kwa mkono, akamwaga mafuta kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akayanusa. "Breki hii, mwanangu." Hajaambiwa na mtu.

Akaifungua ya kushoto taratibu, akatandaza kitambaa cheupe, akatoa oringi kwa kijiti cha mbao, siyo bisibisi. Ilikuwa imevimba hata haikai kwenye mfereji wake. Akaibonyeza kwa ukucha, alama ikabaki, kama unabonyeza embe lililoiva sana. Kisha akaugeuza ule mti wa silinda, chuma chembamba kinachotoka na kuingia, kwenye mwanga na kunyamaza. Ule mti unatakiwa kung'aa kama kioo, maana sili inateleza juu yake. Katikati kuna meno ya plaizi, mistari minne, imechimba kromu. Akanishika kidole akakipitisha pale nisikie mwenyewe.

"Hapa hata uweke sili mpya leo, jioni inavuja. Aliyeshika hivi hajawahi kufungua jeki ya gari, achilia mbali hii."

Nikamuuliza, "Mzee wangu, haiwezekani kabisa?"

"Ya kulia inawezekana. Nitaisafisha yote, na pampu na mabomba, nitaiwekea sili. Hii ya kushoto sikudanganyi, mti wake upigwe kromu upya au utafute nyingine."

Akanitajia bei ya ya kulia: elfu themanini. Akasema nilipe nikiiona inafanya kazi. Nilikaribia kutoa machozi pale, si kwa ajili ya bei, ni kwa sababu tangu ugonjwa huu uanze ndiye mtu wa kwanza kuniambia "hii siwezi".

MREJESHO, Jumamosi usiku: Leo tumekaa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenye gereji hakuja, kamtuma kijana yule yule wa sindano, anatetemeka, hana la kusema. Sikumfokea, huyo naye katumwa tu na hajafundishwa. Nimeacha barua ya madai: laki sita yangu yote, gharama ya kupaka rangi boneti, na silinda ya kushoto. Wamepewa mpaka Jumanne ijayo. Picha za rangi, chupa na meno ya plaizi ninazo zote zikiwa na tarehe, na ujumbe wa simu wa kupokea hela ninao. Wasipotokea, naenda mahakama ya mwanzo.

Wanaoniuliza inbox jina la gereji, subirini Jumanne ipite. Sitaki waje waseme nimewachafua kabla ya kusikilizwa.

Ninachohitaji kwenu sasa ni kimoja: silinda ya kushoto ya spoila ya 996 Turbo, hata iliyotumika, mradi mti wake uwe haujachubuka. Au kama kuna anayemjua mtu hapa Dar anayepiga kromu ngumu kwenye miti myembamba na kuisaga ikarudi kwenye kipimo chake, aniandikie. Mzee wa Chang'ombe amesema akiletewa mti uliokaa sawa, kufunga ni kazi ya asubuhi moja.