Tunahama Texas kwenda Maine: fomu ya kukataa chanjo itakubalika shuleni?

Mama Baraka (Houston)
Habari za jioni wapendwa. Mume wangu amepata kazi Portland, Maine, na tunahama shule zikifungwa. Mtoto wetu alizaliwa hapa Houston 2020, na hajachanjwa kitu, kwa sababu baba yake alitoka kwenye ule mjadala wa Korona akiwa mtu mwingine. Alipofika umri wa shule tuliagiza ofisi ya afya ya jimbo, Austin, fomu ya kukataa chanjo kwa sababu ya dhamiri, ikaja kwa posta, ikagongwa muhuri wa notari, shule ikaipokea bila neno. Inadumu miaka miwili, haijaisha.

Swali: Maine wataipokea? Mume anasema ni haki ya katiba, Marekani nzima. Ni mzee wa kanisa, na anasema wakikataa dhamiri ataandika barua ya dini. Mimi nimekulia Sengerema, surua siijui kwa kusoma. Mwaka 2025 ilipoingia kaunti ya Gaines, huku huku Texas, ikasambaa jimboni hadi wagonjwa wakafika 762 na watoto wawili wakafa, sikulala. Lakini sitaki kubishana na mume kwa kitu ambacho sina uhakika nacho. Nipeni sheria yenyewe. Msinitumie video, ninazo za kutosha kutoka kwa wifi yangu.

Karani wa Lewiston
Dada Mama Baraka, karibu Maine, njoo na makoti. Niko ofisi ya shule, kwa hiyo karatasi hizi ndizo ugali wangu.

Jibu fupi ni hapana. Fomu ya Texas ni ya Texas. Hapa bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka 2019 ikafuta sababu za dini na za falsafa. Waliopinga wakakusanya saini, ikapelekwa kwenye kura ya maoni tarehe 3 Machi 2020, na karibu asilimia 73 wakasema sheria ibaki. Ilianza kazi Septemba 2021. Kilichobaki ni sababu ya kiafya tu, iliyoandikwa na mtaalamu wa tiba mwenye leseni. Barua ya mzee wa kanisa nitaipokea kwa heshima, lakini haitamwingiza mtoto darasani. Usifikiri shule ya binafsi itawasaidia, nayo imo.

Mnaweza kumwandikisha mkiahidi kwa maandishi kwamba atachanjwa ndani ya siku 90. Wazazi wengi huitumia nafasi hiyo. Wengine huisahau, halafu Novemba mimi ndiye mbaya.

Kuhusu katiba, Mahakama Kuu ya Marekani ilishaulizwa. Mwaka 1905, kesi ya mchungaji Jacobson wa Cambridge, Massachusetts, aliyekataa chanjo ya ndui akatozwa faini ya dola 5. Mahakama ikasema jimbo lina uwezo wa kuamuru chanjo. Ndiyo maana kila jimbo lina lake: linaweza kubana, linaweza kulegeza. Na angalia, hakushikwa akachomwa kwa nguvu. Alitozwa hela.

Baba Neema (Boise, Idaho)
Mimi nasimama na shemeji. Kabla hamjanirukia, wanangu wote wamechanjwa, nami nimechanjwa. Ninachopinga ni mlango wa shule kufungwa kwa mtoto mzima, asiyeumwa, kwa uamuzi wa mzazi wake. Elimu ni ya kodi yetu.

Idaho wameliona hilo. Mwaka 2025 gavana Brad Little aliukataa muswada wa kwanza kwa hofu kwamba shule zingeshindwa hata kumrudisha nyumbani mtoto anayeumwa. Wakaurekebisha, akatia saini, na tangu Julai ya mwaka huo, biashara na shule kwa ujumla haziwezi kukudai tiba, chanjo ikiwemo, kama sharti la kukuhudumia. Iwezekane huku, ishindikane kwenu?

Karani wa Lewiston
Kaka, hoja yako naielewa, na hata mezani kwangu naisikia. Lakini darasani kuna mtoto anayetibiwa saratani ya damu, ambaye hawezi kuchanjwa hata mama yake akitaka. Yeye naye mama yake analipa kodi.

Halafu tuambiane ukweli: wengi wetu tulikunja mikono ya mashati mbele ya daktari wa uhamiaji kwa ajili ya kadi ya kijani, na hatukutaja dhamiri.

Papa Olivier (Portland)
Mama Baraka, jambo. Mie ni mutu wa Bukavu, tulifika hapa mu 2019, ile wakati tulikuwa tunalala mu Expo, ile ukumbi mukubwa wa michezo. Sisi hatukukatala chanjo, na karte za batoto tulikuwa nazo, lakini ku shule balisema haitoshe. Surua ya miezi kenda hawaihesabu, banataka ya kisha mwaka moja. Na ya matumbwitumbwi haikukuwa mu karte hata kidogo. Balichoma upya, bure, mikono yote mbili siku moja. Batoto balilia, baliomba biskuti, basi. Lakini mwambie bwana yako, anze mapema: chanjo zingine zinangojea mwezi muzima katikati.

Karani wa Lewiston
Papa Olivier kasema kweli, kuna zinazopishana wiki nne, na mtoto aliyeanza sifuri ana msururu. Halafu nimesahau kuuliza: shemeji anakuja kazi gani? Sheria ile ile ya 2019 haikuishia shuleni. Iliondoa dini na falsafa hata kwa wafanyakazi wa hospitali.

Mama Baraka (Houston)
Jamani. Kazi ni ya hospitali, idara ya usafi. Barua ya ajira kaisoma ukurasa wa mshahara tu.

Ngoja nimpelekee simu asome mwenyewe. Asanteni sana, na wewe Baba Neema pia. Akiuliza habari za Idaho nitamwambia huko hajapata kazi.