Kompyuta moja, runinga tatu za rezolusheni tofauti: niziunganishe vipi?

Mkaazi wa Mji wa Kale

Assalamu alaikum ndugu zangu. Ninaishi Mji wa Kale hapa Mombasa, katika nyumba ya familia yenye orofa mbili na kuta nene za mawe ya matumbawe. Sebuleni nimeweka kompyuta ndogo niliyoitenga kwa ajili ya filamu, kandanda na video za harusi na mikusanyiko ya familia. Prosesa yake ni ya Intel, kizazi cha 8, na ina matundu mawili ya kutolea picha na sauti, moja la HDMI 2.0 na jingine la DisplayPort. Nimeiunganisha na runinga ya 4K ya inchi 55, nami nilikuwa nimeridhika nayo kabisa.

Tatizo lilianza nilipotaka mamangu, ambaye magoti hayamruhusu tena kushuka ngazi kila jioni, apate kutazama akiwa chumbani kwake juu. Kule kuna runinga ya zamani ya inchi 32 yenye pikseli 1366 kwa 768. Ya tatu ni ya 1080p na iko katika chumba cha wageni, ingawa hiyo inaweza kusubiri.

Nilinunua splita ya HDMI, yaani kifaa cha kugawa picha moja kwa runinga kadhaa, nikavuta kebo ya mita 15 hadi chumbani kwa mama. Picha ilimfikia, lakini papo hapo runinga ya sebuleni ikashuka kutoka 4K hadi 720p, maandishi yakawa makubwa na yenye ukungu, na spika zangu tano zikanyamaza zikabaki mbili za mbele. Nikiichomoa kebo ya mama, kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Je, kuna njia ya kuipa kila runinga picha inayoifaa kutoka kwenye kompyuta hii moja, au nianze kutafuta kompyuta ya pili?

Fundi wa Majengo

Wa alaikumu salaam. Splita yako ni nzima, usiirudishe dukani kwa madai kwamba imeharibika. Inafanya kile ilichoundiwa.

Kila runinga inapounganishwa kwa HDMI hujitambulisha kwa kompyuta kupitia taarifa fupi iitwayo EDID, ambayo hueleza ni rezolusheni zipi (yaani idadi ya pikseli za picha) inazozikubali, ni mara ngapi kwa sekunde inaweza kubadilisha picha, na ni aina gani za sauti inazozifahamu. Splita inapokaa katikati, kompyuta huona mlango mmoja tu na kwa hiyo hutoa picha moja tu, ambayo splita huinakili na kuigawa. Ili picha hiyo isikataliwe na yeyote, splita nyingi huipa kompyuta taarifa ya runinga yenye uwezo mdogo zaidi. Ya mama ilisema inamudu 720p na sauti ya stereo, na hapo ndipo nyote mkashushwa. Picha ya 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani takriban milioni 8.3, ilhali ya 720p ni 1280 kwa 720. Ukigawanya utaona kwamba sebuleni ulikuwa ukipokea sehemu moja kati ya tisa.

Zipo splita zinazoweza kupunguza picha kwenye mlango mmoja, zikapeleka 4K mlango wa kwanza na 1080p au chini yake mlango wa pili. Hilo lingekutatulia suala la ukungu. Njia nyingine ni kulitumia tundu lako la DisplayPort kwa kuweka adapta ya kwenda HDMI, kisha ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi P na kuchagua kupanua skrini badala ya kuinakili. Ukinakili, kwa kawaida skrini zote mbili hulazimika kukubaliana juu ya rezolusheni moja na utarudi palepale. Ukipanua, kila runinga hubaki na yake.

Hata hivyo, kuna jambo hukulisema, nalo ndilo linaloamua kila kitu: je, mama anataka kutazama kile unachokitazama wewe, au chake?

Mkaazi wa Mji wa Kale

Shukran sana. Kusema kweli, anataka chake. Anapenda taarifa ya habari ya saa moja, mawaidha, na zile video za familia ambazo huzirudia bila kuchoka. Mechi zangu hazimhusu. Jana nilijaribu kupanua skrini kama ulivyoelekeza na picha zote mbili zilikuwa safi, ila ilinibidi nimfungulie video kwa kipanya kutoka sebuleni bila kuiona skrini yake, na sauti yake ikatokea kwenye spika zangu. Alipoizima runinga yake kulala, madirisha yote yakahamia kwangu katikati ya mechi.

Bi wa Nyali

Ndugu yangu, kama mama anataka chake, basi usimpelekee picha ya kompyuta. Mpelekee faili, na runinga yake ijifungulie yenyewe.

Nyumbani kwangu nimefanya hivi. Kompyuta ya sebuleni ina programu ya Jellyfin, ambayo ni ya bure na inayafanya mafaili yako yapatikane kwa vifaa vyote vya nyumbani kupitia mtandao wa ndani. Kwa kila runinga isiyo na uwezo wake yenyewe unaweka kisanduku kidogo cha Android chenye programu hiyohiyo na rimoti yake. Mama akichagua video ya 4K, Jellyfin huuliza kisanduku chake kinaweza kupokea nini, na kama hakiimudu, kompyuta huigeuza papo kwa papo iwe ndogo, huku wewe ukiendelea kutazama yako katika ukubwa wake kamili. Prosesa yako ya kizazi cha 8 ina sehemu maalumu ya kazi hiyo, iitwayo Quick Sync. Hakikisha umeiwasha katika mipangilio ya Jellyfin, maana bila hiyo prosesa itabeba mzigo wote na feni italia usiku kucha. Habari za saa moja hazihitaji kompyuta yako hata kidogo, kwa kuwa stesheni zetu kadhaa hurusha moja kwa moja kwenye YouTube na kisanduku kitazichukua chenyewe.

Nakusihi usitegemee waifai kwa nyumba ya Mji wa Kale. Nimelelewa katika nyumba kama hiyo, na najua kwamba ukuta mmoja wa matumbawe unatosha kuumaliza mtandao. Umekwisha kupata njia ya kupitisha kebo ya HDMI, basi ipitishe hapohapo kebo ya mtandao ya Cat6 kutoka kwenye rauta. Hiyo hufika hadi mita 100, wakati HDMI ya shaba ya mita 15 huwa haiaminiki tena kwa 4K ya picha 60 kwa sekunde. Acha na ncha ya ziada kwa ajili ya chumba cha wageni, usije ukapanda ngazi na drili mara ya pili.

Fundi wa Majengo

Ninakubaliana na Bi wa Nyali, na naongeza mawili. Ikiwa unatazama Netflix kwenye kompyuta hiyo, usiiache runinga ya mama ikiwa imeunganishwa nayo hata kwa adapta. Kwa picha ya 4K huduma hiyo hudai HDCP 2.2, yaani ulinzi wa kuzuia picha kunakiliwa, kwenye kila skrini iliyounganishwa, na runinga ya umri huo haitakuwa nao, kwa hiyo utashushwa tena bila kuelezwa sababu. La pili, runinga za 1366 kwa 768 mara nyingi hukata kingo za picha. Weka kisanduku kitoe 720p, kisha ingia kwenye menyu ya picha ya runinga uchague picha ionyeshwe nzima bila kukuzwa.

Mkaazi wa Mji wa Kale

Ninarejea baada ya wiki mbili. Cat6 imepita na kisanduku kimefungwa. Kwa siku za mwanzo mama alilalamika kwamba baadhi ya video zimepauka kama nguo iliyoanikwa juani, nikagundua kwamba ni zile za 4K zenye HDR (mfumo wa rangi na mwanga mpana zaidi) pekee, ambazo runinga yake haifahamu rangi zake. Jellyfin ina kipengele cha kuzirekebisha rangi hizo wakati wa kuigeuza video. Nilipokiwasha zikakaa sawa. Sebuleni 4K haijashuka tena, na spika zote tano zinasikika.

Splita nimempa jirani mwenye runinga mbili za 1080p, na kwake inafanya kazi vizuri kabisa, kwa kuwa zote mbili zinajitambulisha vilevile.