Kipimo cha damu kwa baka la mdomoni, kipo?

Asalaam alaykum. Niko Wete. Bibi yangu anatafuna tambuu tangu ujana. Ana baka jeupe ndani ya shavu, upande ule ule anaoweka popoo na tumbaku. Haliumi, halifutiki. Anaogopa kukatwa kinyama cha kupima kama ni saratani. Damu haitoshi?

— Waalaykum salaam. Watafiti wanachunguza protini na vipande vya DNA ya uvimbe kwenye damu, lakini kinachothibitisha saratani ya mdomo bado ni kinyama kidogo kutazamwa kwa hadubini. Hupigwa ganzi kwanza, mwambie hivyo.

— Mama yangu alingoja kwa vile haumwi. Wallahi usingoje. Baka likipita wiki 2, mpeleke.

— Nimemsomea yote. Kakubali, Jumatatu twenda Chake. Popoo hajaiacha, ila mkebe wa tumbaku kanikabidhi.