Violeti za vyunguni zilizooza mizizi: tupeane uzoefu, nani aliokoa na aliokoaje?

Wadau wa maua, naomba tukusanye hapa visa vyetu vya violeti za Kiafrika kuoza mizizi. Dalili yake ya kwanza inadanganya wengi: majani yanalegea kana kwamba mmea una kiu, kumbe udongo umelowa. Mtu anaongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza. Mizizi iliyokwisha kuoza hainyonyi, hata ukiuzamisha mmea kwenye ndoo. Kwa hiyo majani yakilegea, tia kidole kwenye udongo kwanza.

Naanza na changu. Nililetewa violeti ya zambarau, chungu kimezungushiwa karatasi ya kung'aa, na maji yametuama ndani ya karatasi. Nilipoung'oa mmea, mizizi ilikuwa ya kahawia. Ukivuta mmoja, ganda linavuka lote na kukuachia kijiuzi chembamba mkononi. Mzizi mzima ni mweupe na haukatiki ovyo. Nikaosha udongo wote, nikafuta kisu kwa spiriti, nikakata kila kilicholainika. Shina nalo nikalipunguza kutoka chini, kipande kwa kipande, mpaka nikafika kwenye nyama safi isiyo na doa hata moja la kahawia. Msiache hilo doa, kwani uozo utaendelea kupanda. Majani ya nje niliyatoa, maana shina lisilo na mizizi haliwezi kuyalisha. Nikalipanda kwenye kopo dogo la perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi vya kupandia) yenye unyevu, nikalifunika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, mahali pasipofikiwa na jua kali. Lilitoa mizizi mipya na leo linachanua.

Mama Vyungu: Asante kwa uzi huu, ndugu yangu. Yangu iliozea hadi kwenye moyo, yale majani machanga ya katikati yakawa meusi. Hapo shina halina tena la kuokoa, ila majani yapo! Nilichagua yale magumu ya safu ya kati, nikakata vikonyo kwa mshazari, nikaacha sentimita 2 hadi 3, nikachomeka. Mizizi huanza ndani ya mwezi hivi, vichipukizi huchelewa zaidi, kwa hiyo usichimbue kuangalia. Ushauri wangu ni kuchukua majani mawili au matatu KABLA ya kugusa shina. Upasuaji ukishindikana, mbegu unayo.

Dirishani: Mimi nasisitiza udongo na ukubwa wa chungu. Violeti hizi asili yake ni milima ya Usambara, ndiko zilikotolewa kupelekwa Ujerumani mwaka 1892, na huko porini huota kwenye miamba yenye kivuli, juu ya udongo haba. Maji yanapita, hayakai. Sasa mtu anazitia kwenye chungu kikubwa cha udongo wa bustani, mzito, usiopitisha hewa! Natumia sehemu sawa za piti (mboji ya kinamasi), perlaiti na vemikulaiti (madini mepesi yanayoshika unyevu), na upana wa chungu uwe kama theluthi ya upana wa majani yaliyotanda. Chungu kikizidi hapo, kuna udongo ambao mizizi haijaufikia na haukauki.

Chipukizi: Wakuu, dawa ya ukungu inasaidia? Yangu imeanza kulegea juzi.

Mama Vyungu: Mwanangu, ung'oe leo uangalie mizizi. Dawa haifufui mzizi uliooza. Halafu wahusika wakuu wa uozo huu, vimelea viitwavyo Pythium na Phytophthora, hufanana na ukungu lakini si ukungu halisi, ndiyo maana dawa nyingi za ukungu haziwagusi. Soma kibandiko, kama hawakutajwa, usinunue. Udongo wa zamani utupe, na chungu kioshe kwa klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kisha suuza vizuri.

Dirishani: Na ukishaupanda upya, mwagilia kutoka chini: weka maji kwenye sahani, baada ya nusu saa yaliyobaki yamwage. Wanaotumia utambi, yaani kamba inayofyonza maji kutoka chombo cha chini hadi kwenye udongo, wachague wa nailoni, kwa sababu wa pamba huoza.

Chipukizi: Nimeung'oa. Upande mmoja kahawia, upande mwingine bado ni mweupe. Nimetoa majani matatu kwanza kama mama alivyosema, sasa nafuta kisu.