Naomba ushauri: nipime kuta au chavua kwenye mashamba ya kale yaliyofukiwa na kinamasi?

Wakuu, habari za jioni. Niko Ayalandi nasoma akiolojia, na tasnifu yangu ni ya Céide Fields, kaunti ya Mayo. Ni mashamba ya kale yenye kuta za mawe, yote yamezikwa chini ya udongo mweusi wa kinamasi, ule wanaoukata, kuukausha na kuuchoma kama kuni. Miaka ya 1930 mwalimu Patrick Caulfield aliyakuta mawe hayo akikata udongo huo wa kuchoma. Mwanawe, Seamas, ndiye aliyekuja kusomea akiolojia na kuzifuatilia kuta.

Njia yao ni rahisi mno: unachomeka fimbo ndefu ya chuma. Inazama laini kama kisu kwenye ugali, halafu "ko!", umegonga jiwe. Unaweka alama, unasogea hatua moja. Mikono yangu ina malengelenge hadi leo.

Sasa nimekwama. Wengi husema mashamba haya yana zaidi ya miaka 5,000, ila wapo watafiti wanaobisha kwamba kuta ni za baadaye sana, zama za shaba nyeusi. Niendelee na fimbo nichore ramani ya kuta, au nihamie maabara nihesabu chavua iliyohifadhiwa humo kinamasini, inayoonyesha mimea gani ilimea hapo enzi zipi? Hadubini sijaizoea, na muda nilionao ni miezi minne tu.

Waliowahi kufanya kazi ya chavua, inakula muda kiasi gani kwa anayeanza? Natanguliza shukrani.